Imamu kasitisha sinia za hitma sababu ya kipindupindu, wazee wanasema anakimbia kadari. Nani yuko sahihi?

#1 Kashkash

Assalaam alaykum wakuu.

Mtaani kwetu kipindupindu kimeingia tangu mvua zianze. Bwana afya kapita na spika, visima vya bondeni vimetiwa klorini, na kuna watu wamepelekwa kambini. Ijumaa imamu wetu, kijana tu, katangaza mambo matatu: maziko yaende watu wachache, hitma isomwe lakini sinia zisitolewe, na birika la msikitini lifungwe, kila mtu aje na udhu wake.

Kumbe kawasha moto. Wazee wa safu ya mbele wamemngoja mlangoni. Mmoja kamwambia, "Toka lini Mwislamu akaogopa sinia?" Hoja zao si za kupuuza: Mtume (s.a.w) kasema hakuna kuambukiza, hadithi sahihi kabisa. Tena anayekufa kwa maradhi ya tumbo ni shahidi. Sasa unamkimbia nani?

Imamu naye kajibu kwa kisa cha Seyyidna Umar, kwamba alifika Damascus akasikia kuna tauni, akageuza msafara. Wazee wakasema Umar ana dalili yake na sisi tuna yetu. Mpaka leo hawajasalimiana vizuri.

Naomba wenye elimu. Hizi hadithi zinakutana wapi?

#2 Jini Kahawa

Nimeshaweka kahawa na kashata. Masheikh wa mtandaoni karibuni.

#3 Mzee wa Baraza

Waalaykum salaam. Kwanza nimrekebishe huyo imamu wenu: Umar hakufika Damascus. Aliishia Saragh, kituo cha njiani kati ya Hijazi na Sham (Syria na jirani zake), upande wa Tabuk. Hapo ndipo majemadari wake walipomlaki, Abu Ubayda bin al-Jarrah akiwa mkubwa wao, wakamwambia nchi imeingia maradhi.

Kisa chenyewe kimo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, na uhondo wake uko kwenye mashauriano ambayo watu huyaruka. Umar aliwaita Muhajirina wa mwanzo, waliohama Makka na Mtume. Wakagawanyika: wengine wakasema umetoka kwa jambo, usirudi, wengine wakasema una masahaba wa Mtume nyuma yako, usiwapeleke kwenye maradhi. Akawatoa. Akawaita Ansari, wenyeji wa Madina, wakagawanyika vile vile. Akawatoa nao. Mwisho akawaita wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa Fat'hi, yaani kufunguliwa Makka, na hawa hawakutofautiana hata wawili: rudi na watu.

Akatangaza, asubuhi narudi. Abu Ubayda akamuuliza maneno yale yale ya wazee wenu, Kashkash: unaikimbia kadari ya Mungu? Umar akasema laiti hayo angeyasema mwingine si wewe. Naam, twaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye ng'ambo mbili, moja ina majani na moja kavu. Ukilisha penye majani umelisha kwa kadari, ukilisha pakavu umelisha kwa kadari.

Halafu ndipo akaja Abdulrahman bin Auf, ambaye alikuwa kenda haja zake, akasema mimi ninayo elimu ya jambo hili: nilimsikia Mtume akisema mkisikia iko katika nchi msiingie, na ikiwakuta mko ndani msitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mungu akaondoka.

Angalieni mpangilio. Umar aliamua kurudi KABLA ya kuisikia hadithi. Alitumia akili na shauri, hadithi ikaja kumuunga mkono. Wazee wakisema Umar ana dalili yake, dalili ilimfuata nyuma.

#4 Mla Urojo

Mie nishamaliza kesi. Hasira za wazee si za kadari, ni za pilau. Imamu angesitisha khutba wangemwombea dua.

#5 Ustadh Kobazi

Mla Urojo acha utani kidogo, suala zito.

Ndugu Kashkash, watu wengi wanadhani hizi ni hadithi mbili zinazopigana. Hebu fungueni Bukhari. Katika riwaya moja ya Abu Hurayra, sentensi zimefuatana: hakuna kuambukiza, wala mkosi wa ndege, wala bundi, wala Safar, na mkimbie mwenye ukoma kama unavyomkimbia simba. Pumzi moja! Mwenye kusema "hakuna kuambukiza" akaishia hapo kakata hadithi katikati.

Sasa zinakutana vipi? Wanazuoni wana njia kadhaa:

Ibn al-Salah, na kabla yake al-Bayhaqi, wanasema kinachokanushwa ni itikadi ya Waarabu wa zamani kwamba ugonjwa unaruka wenyewe kwa nguvu zake. Mungu ndiye anayeujaalia, na kukaribiana ni sababu tu, inaweza kufanya kazi na isifanye.

Ibn Hajar hakuiridhia hiyo. Yeye anasema kukanusha kubaki kama kulivyo, kuambukiza hakupo. Amri ya kumkimbia mkoma ni kuziba mlango: ukikaa naye, ukapata ugonjwa kwa kadari tu, utadhani amekuambukiza, imani yako iharibike.

Wengine wakasema moja imefuta nyingine. Hapa kuna kisa kitamu. Abu Hurayra huyo huyo alikuwa akisimulia hadithi ya "hakuna kuambukiza", na pia ile ya "mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye wazima". Baadaye akaiacha ya kwanza. Binamu yake akamwambia, mbona ulikuwa ukitusimulia na nyingine? Akakataa. Jamaa akamng'ang'ania mpaka Abu Hurayra akakasirika, akabwata maneno ya Kihabeshi. Abu Salama anayesimulia anasema sijui Abu Hurayra alisahau au hadithi moja iliifuta nyingine. Imo Muslim. Kama wao wenyewe waliiacha hivyo, sisi tusigombane mlangoni mwa msikiti.

#6 Mchunga Ngamia

Niko Garissa. Hiyo ya ngamia naielewa bila kitabu.

Upele ukimwingia ngamia huanza kwapani, shingoni na kwenye mapaja kwa ndani. Anajisugua kwenye mti mpaka gome linatoka. Ukimwacha alale na wenzake zizini, baada ya muda unaona mwingine anajisugua mti ule ule. Sisi tunamtenga, tunampaka dawa, na ule mti hatupitishi kundi tena. Hakuna mzee wa kwetu, hata yule anayeamka kuswali tahajudi, anayechanganya ngamia wa upele na wazima akasema kadari. Majirani watakushtaki.

#7 Kipanga Mweusi

Mchunga Ngamia umejileta mwenyewe. Bedui alimwambia Mtume maneno kama yako: ngamia wangu wako mchangani kama paa, anaingia mmoja mwenye upele anawapa wote. Mtume akamuuliza: na yule wa kwanza aliambukizwa na nani?

Jibuni hilo. Ninyi mnatetea hofu. Mtume alimshika mkono mtu mwenye ukoma akautia naye kwenye sahani moja, akasema kula kwa jina la Mungu, kwa kumtegemea Mungu. SAHANI MOJA. Na imamu anafuta sinia!

#8 Mchunga Ngamia

Kipanga, wa kwanza kapewa na Mungu. Wa pili pia kapewa na Mungu, kupitia ule mti. Ndiyo maana mti nimeukwepa. Wewe una ngamia wangapi?

#9 Ustadh Kobazi

Kipanga, hadithi ya sahani iko Tirmidhi na mwenyewe Tirmidhi kaisema ni gharibu, yaani ina njia moja tu ya upokezi, wengi wameidhoofisha. Iliyo sahihi zaidi ni ya ujumbe wa Thaqif: walikuwa na mtu mwenye ukoma aliyetaka kuja kutoa baia, kiapo cha utii, Mtume akamtumia ujumbe kwamba tumeshakupokea baia yako, rudi. Hakumnyima Uislamu, hakumnyima heshima, kamnyima mkono tu.

#10 Kipanga Mweusi

Kila hadithi isiyowafaa ni dhaifu. Nimezoea.

#11 Mla Urojo

Samahani masheikh, hapo kwenye bundi. Ina maana bundi akilia juu ya paa hakuna neno? Mbona bi mkubwa wangu bundi akilia anatoka na chumvi na ufagio saa nane za usiku?

#12 Bibi Mswaki

@Mla Urojo mwambie alale. Bundi anatafuta panya. Kwa panya mlionao Ng'ambo ya Unguja, mshukuruni.

#13 Daktari wa Mtaa

Nimesoma kuanzia #1. Mimi si sheikh, ni mtu wa afya, nimekaa kwenye kambi za kipindupindu zaidi ya msimu mmoja.

Mnaongelea tauni, upele na ukoma kana kwamba ni kitu kimoja na kipindupindu. Kila kimoja kina njia yake. Ukoma unaambukiza kwa shida sana, unahitaji kukaa karibu na mgonjwa ambaye hajatibiwa kwa muda mrefu, na dawa zipo bure. Mgonjwa wa ukoma aliyeanza dozi hahitaji kukimbiwa na mtu yeyote, tafadhali hilo lisomwe vizuri.

Kipindupindu kinapita mdomoni. Maji au chakula kilichoguswa na kinyesi cha mgonjwa, basi. Ukisali bega kwa bega na mtu huambukizwi. Kwa hiyo imamu angefunga msikiti ningemwambia kakosea. Lakini hakufunga msikiti, kafunga birika na sinia, vitu viwili ambavyo ndivyo haswa.

Sinia la msibani mnalijua. Watu sita mpaka wanane, mikono ndani ya wali, maji ya kunawa ni bakuli moja linalopitishwa kuanzia kwa mzee mpaka kwa mtoto, na wa mwisho ananawa maji ya wote. Nyuma ya nyumba wanaopika ndio hao hao waliomuuguza marehemu na kufua shuka zake. Nimeona msiba mmoja ukaleta watu kambini kwa mkupuo, wote wamekula nyumba moja. Mtu anaingia anatembea, jioni macho yameingia ndani na ngozi ya kidole imekunjamana. Akiwahiwa na maji ya chumvi na sukari au dripu anapona, wengi sana wanapona. Akicheleweshwa nyumbani, saa chache zinatosha.

Bakuli la kunawa liondoke, liwekwe jagi la kumiminia na sabuni. Maji yachemshwe au yatiwe dawa. Sina uwezo wa kusema kadari inasemaje.

#14 Mshambaa Halisi

Daktari kasema tauni ni kitu kingine. Sisi wa Lushoto tunaijua kwa sura.

Tangu 1980 mpaka miaka ya 2000 mwanzoni ilikuwa inakuja na kuondoka, huku juu upande wa Shume. Dalili ya kwanza haikuwa mtu, ilikuwa panya. Unakuta wamekufa darini, wengine wanatoka mchana wanayumba kama walevi. Bibi alikuwa anatuambia mkiona panya kafa msimguse, iteni mtu mzima. Halafu unasikia fulani ana homa na mtoki umemvimba kinenani, hawezi kufunga miguu. Wakija bwana afya wanapulizia nyumba dawa ya viroboto, wanatuambia tusilale chini, mahindi yatoke ndani ya nyumba ya kulala. Wapi utayapeleka na wezi?

Kuhusu kadari: kijijini kwetu walikuwepo waliokimbilia kwa ndugu Tanga mjini, na walikuwepo waliokaa. Shehe wetu alisimama msikitini akasema hakuna ruhusa kutoka, akaisoma ile hadithi ya Abdulrahman bin Auf. Wengine walimtii. Wengine walisema shehe anasema hivyo kwa kuwa yeye hana ndugu mjini.

#15 Jini Kahawa

Hahaha, hiyo ya mwisho. Naongeza kashata.

#16 Mtoto wa Muttrah

Salaam kutoka Muscat. Mwaka 2020 Muttrah ilifungwa mwezi wa Aprili, hatutoki hatuingii. Ijumaa zilisimama zaidi ya mwaka mzima. Kuwait na kwengineko tukawasikia waadhini wanasema swalini majumbani mwenu, watu wakalia.

Swali langu kwa Ustadh. Hadithi inasema tauni haiingii Madina, wala Dajjali. Korona iliingia Madina. Basi ama korona si tauni, na kama si tauni basi hadithi ya "msiingie msitoke" haituhusu tulivyofungiwa. Ama ni tauni na mnieleze iliingiaje.

#17 Ustadh Kobazi

Swali zuri, limeulizwa sana mwaka ule. Wanazuoni wametenganisha: waba ni maradhi yoyote yanayoenea, tauni ni aina moja ndani yake, yenye yale majipu ya mitoki. Kila tauni ni waba, si kila waba ni tauni. Madina imeshapata waba. Bibi Aisha mwenyewe kasimulia walipohamia waliikuta ni nchi yenye maradhi kuliko nchi zote, Abubakar na Bilal wakashikwa na homa. Basi korona ni waba.

Lakini "haituhusu" sikubali. Sababu ya amri ipo pale pale, basi na hukumu inalinganishwa, ndiyo kiyasi. Na kuswali nyumbani si jambo la 2020. Ibn Abbas alimwamuru mwadhini wake siku ya mvua, penye "njooni kwenye swala" aseme swalini majumbani. Kwa matope tu!

#18 Mtoto wa Muttrah

Matope ni siku moja Ustadh. Sisi ilikuwa mwaka. Hapo sijaridhika, lakini shukran.

#19 Mzee wa Baraza

Na sisi Kenya misikiti ilipofunguliwa Julai 2020, serikali ilisema watu mia, saa moja, na aliye chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 asiingie. Mlangoni pakasimama kijana na orodha. Wallahi siku hiyo nilijua Mombasa nzima hakuna mwanamume aliyepita miaka 57. Mzee mwenye vitukuu anakwambia nimezaliwa mwaka wa uhuru, halafu akikaa barazani anasimulia alivyoiona vita ya Hitla.

#20 Bibi Mswaki

Nirudi kwenye mada. Kuna jambo la Misri linalofanana na hili la kukusanyika.

Mwaka 833 Hijria, ambao ni 1430, tauni iliingia Cairo. Mwezi wa Mfunguo Saba mwishoni walikuwa wanakufa chini ya arubaini kwa siku. Wakuu wakatangaza watu wafunge siku tatu kisha watoke jangwani kwa pamoja, kama swala ya kuomba mvua. Wakatoka tarehe nne Mfunguo Nane, wakakusanyika, wakaomba, wakarudi. Mwezi haujaisha vifo vimepita elfu kwa siku, kisha vikazidi. Aliyeandika haya ni Ibn Hajar, alikuwepo. Aliona mapema kuwa mkusanyiko unaambukiza, akakataa.

Kwa hiyo dua ya pamoja uwanjani wakati wa maradhi, mjiulize mara mbili.

#21 Mzee wa Baraza

Bibi umesimulia sawa mpaka hapo pa mkusanyiko kuambukiza, hapo umemvika Ibn Hajar koti la daktari. Soma #5. Huyu ndiye aliyekanusha kuambukiza kuliko wote! Yeye alipinga mkusanyiko kwa kuwa hakuukuta kwa Salaf, wema waliotangulia: tauni ilitokea zama za Umar, masahaba wakiwa wamejaa, na hawakutoka jangwani kuomba namna hiyo. Kwake ni uzushi. Na tauni yenyewe aliamini ni mchomo wa majini, kwa hadithi aliyoisahihisha.

Mtu huyo tauni ilimchukulia mabinti watatu, wawili mwaka 819, na mkubwa wao mwaka huo huo wa 833 akiwa mjamzito. Hakuwa anaandika kwa kalamu baridi.

#22 Bibi Mswaki

Sababu yake hiyo, matokeo ni hayo niliyosema. Waliokusanyika walikufa. Koti nimelivua, namba zibaki.

#23 Kipanga Mweusi

Mwenyewe Ibn Hajar yuko upande wangu kwenye kuambukiza. Asanteni.

#24 Mchunga Ngamia

Na kwenye kukusanyika yuko upande wa imamu. Mgawane.

#25 Fundi Baiskeli

Hamjamtaja Ibn al-Khatib wa Granada. Tauni kubwa ya 1348 na 1349 ilipopita Andalus, Hispania ya Waislamu, aliandika wazi kwamba kuambukiza kumethibiti kwa macho na majaribio: nguo, vyombo, hereni, meli inafika bandarini na mgonjwa mmoja mji unaanguka, na waliojitenga wakapona. Akasema dalili ya maandiko ikigongana na kile macho yanachokiona, andiko lifasiriwe. Walimuua kwa kusema hivyo, kwa tuhuma ya uzandiki, ukafiri wa kujificha. Ndivyo tunavyowafanya wenye akili.

#26 Ustadh Kobazi

Fundi, aliyosema Ibn al-Khatib ni kweli. Kifo chake usikiunganishe na tauni. Aliuawa gerezani Fez mwaka 1374, miaka mingi baadaye, kwa siasa za mabwana wa Granada na Fez, na tuhuma ya uzandiki ilisimamia maandishi yake ya kisufi. Hakuna aliyemkamata kwa sababu ya hereni.

#27 Fundi Baiskeli

Siasa ndiyo huwa sababu, uzandiki ndio huwa karatasi. Ila sawa.

#28 Kitoweo

Wakuu kwetu Pwani wazee hawakungoja Andalus. Maradhi yakizidi, mji unazungushwa ng'ombe. Fahali anaongozwa pembezoni mwa mji, walimu nyuma wanasoma, watoto wanaitikia, kisha anachinjwa nyama wanapewa maskini. Mimi nimeifuata kama mtoto, vumbi mpaka puani. Na nyumbani kombe limeandikwa aya kwa zafarani, likaoshwa kwa maji ya kunywa, kila mtu funda moja. Kwa nini tumeacha?

#29 Kipanga Mweusi

Tumeacha kwa sababu ni shirki.

#30 Mzee wa Baraza

Kuchinja kwa ajili ya Mungu na kulisha maskini ni sadaka, shirki iko wapi? Kumzungusha ndiko hakuna asili.

#31 Daktari wa Mtaa

Na funda moja kila mtu, kikombe kimoja?

#32 Kitoweo

...kikombe kimoja.

#33 Mla Urojo

Daktari wewe hukai kwenye uzi bila kutafuta kikombe. Wa bara 2020 walijifukiza nyungu, shuka moja watu watatu, hukusema kitu.

#34 Msimamizi

Chanjo, nyungu na siasa za 2020 zina nyuzi zake. Posti nne nimeziondoa. Endeleeni na mada.

#35 Mwana Beni

Wapenzi, mimi niko Beni, Kongo. Naongeza juu ya maziko, maana Kashkash aligusa na watu wamepita.

Ebola ya 2018 mpaka 2020 ilituua huku watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470. Mwili wa mfu wa Ebola ndio hatari kupita mgonjwa. Na sisi Waislamu maiti lazima aoshwe, na anayeosha anagusa kila kitu. Nilikuwa pamoja na watu wa kuzika. Tulipofika kwa familia moja, watoto wa marehemu walifunga mlango: baba yetu hamtamtia kwenye mfuko kama mbuzi, hajaoshwa. Imamu wetu akaingia peke yake, akaketi chini nao. Akawaambia maji yakikosekana au yakidhuru kuna tayamamu, hata kwa mfu. Mwenzetu aliyevaa mavazi yote akapiga mchanga safi, akapangusa uso na mikono ya marehemu kama dini inavyosema, sanda ikazunguka, kisha mfuko. Mtoto mkubwa alisimama mbali kidogo akaswalisha yeye mwenyewe. Walikubali kwa sababu aliswalisha yeye, si kwa sababu ya sisi.

Jambo hilo lilianza Afrika Magharibi mwaka 2014, na Shirika la Afya Duniani waliliandika kwenye mwongozo wao wa maziko.

#36 Daktari wa Mtaa

Mungu akulipe. Kwa kipindupindu maiti anaweza kuoshwa, ila waoshe waliofundishwa, kwa maji ya klorini na glovu, nyumbani pasiwe na karamu siku hiyo.

#37 Kashkash

Shukrani wote. Nimechapisha #3, #9 na #13 nikampa imamu. Mzee mmoja kazisoma, kaniambia hii ya bakuli la kunawa ni kweli, hata mkewe alikuwa akilalamika. Wengine hawajabadilika. Wamepanga kupika nyumbani kwa mmoja wao, "hitma ya binafsi".

Lakini huyo mzee kaniachia swali jipya na nimeshindwa. Kasema: kama kukwepa ni sahihi, mbona Abu Ubayda alibaki Sham mpaka akafa, na ni katika kumi waliobashiriwa pepo?

#38 Ustadh Kobazi

Kwa sababu alikuwa ndani. Aliye nje haingii, aliye ndani hatoki. Wote wawili wameitii hadithi moja. Na Bibi Aisha kasimulia kwamba anayekaa mjini mwake kwa subira, akijua halimpati ila aliloandikiwa, ana ujira mfano wa shahidi. Hiyo ndiyo fadhila wazee wanayoitaka. Ni ya kukaa, haijataja kula.

#39 Mzee wa Baraza

Kuna zaidi. Umar alimwandikia barua kwamba nina haja nawe, ukiipata njoo haraka. Abu Ubayda akaifahamu, akasema Umar anataka kumbakisha asiyebaki. Akajibu niko na jeshi la Waislamu, sitajitenga nao. Umar alipoisoma akalia, watu wakauliza, Abu Ubayda kafa? Akasema hapana, na ni kama. Kisha akamwamuru awahamishe watu kwenye nchi iliyoinuka, yenye hewa safi. Abu Ubayda akafa tauni hiyo hiyo, iliyoitwa ya Amwasi kwa jina la mji wa Sham, mwaka wa 18 Hijria. Akashika uongozi Muadh bin Jabal, naye akafa. Wanahistoria wametaja waliokufa kama elfu ishirini na tano.

Kisha akashika Amr bin al-As, akahutubia: maradhi haya yakianguka huwaka kama moto, jikingeni nayo milimani. Mmoja akampinga kwa ukali, nilikuwa sahaba nawe ni mbaya kuliko punda wangu huyu! Amr hakumjibu, akawatawanya watu, yakaondoka. Habari ikamfikia Umar, hakulichukia.

#40 Kipanga Mweusi

Na hapo mmejifunga. Amr kawatoa, hadithi inasema msitoke. Nani kakosea, Amr au hadithi?

#41 Mchunga Ngamia

Mlimani si kutoka nchini. Kundi likiugua unalitawanya malishoni, hulivushi mpaka.

#42 Ustadh Kobazi

Ndivyo walivyosema baadhi ya wanazuoni, kwamba kutawanyika ndani ya ardhi ile ile si kukimbia. Ila riwaya ya Amr na punda, katika historia ya Tabari, inapitia kwa Shahr bin Hawshab, naye kapokea kwa mtu asiyetajwa jina. Shahr mwenyewe amezungumzwa, yaani upokezi wake umetiliwa shaka.

#43 Mzee wa Baraza

Amezungumzwa, na wapo waliomkubali, Ahmad bin Hanbal mmoja wao. Usimtupe mzima mzima.

#44 Kipanga Mweusi

Sasa dhaifu inakubalika? #10 inasubiri majibu.